Chumba cha chini kina unyevu na upepo: nianze na ukuta au na maji?

Barua

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Nyumba yetu ina chumba cha chini kilichochimbiwa ardhini. Urefu wake ni mita 8, upana mita 6, na kimo ni mita 2.2 kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Kuta ni za zege lenye unene wa sentimita 20 hivi, na karibu nusu mita ya ukuta imejitokeza juu ya usawa wa ardhi.

Msimu wa baridi upepo unapenya pale boriti zinapokalia ukuta, na sebule iliyo juu yake ina sakafu ya baridi hata boila ikiwaka kutwa. Msimu wa joto upepo unakoma, lakini harufu ya uvundo inaanza. Kuta zinatoa jasho karibu na sakafu na maboksi yaliyoegemezwa ukutani yameota kuvu. Tunafungua madirisha ili hewa ipite, na naona kama hali inazidi kuwa mbaya. Kuna unga mweupe unaojitokeza sehemu ya chini ya ukuta, na kila mvua kubwa ikinyesha maji hutuama kwenye kona moja, iliyo karibu na ufa mwembamba unaoshuka wima.

Fundi amenishauri nipake rangi ya kuzuia maji, nisimamishe fremu ya mbao, nijaze faibaglasi, nifunike kwa nailoni kisha nipige jipsamu. Faibaglasi na nailoni nimeshanunua, na kazi imepangwa kuanza Jumamosi. Nataka watoto wapate mahali pa kusomea, na pengine baadaye pawe chumba cha mgeni. Boila ya gesi iko humo humo, kwenye kona. Je, mpango huu unafaa? Na sakafu niifanyeje?

Mwenye Nyumba

Jibu

Ndugu Mwenye Nyumba,

Salamu zimefika. Tafadhali ahirisha kazi ya Jumamosi. Mpango uliopewa utapendeza macho kwa msimu mmoja au miwili, kisha harufu itarudi ikitokea nyuma ya jipsamu, mahali ambapo huwezi kuona wala kusafisha. Ni kosa la kawaida sana katika vyumba vya namna hii, na linawagharimu watu kubomoa kila kitu walichojenga.

Sababu yake ni hii. Faibaglasi inazuia joto lakini haizuii hewa. Hewa ya chumbani, yenye mvuke wa maji, hupita katikati ya nyuzi zake hadi kwenye zege. Zege hilo sasa ni baridi kuliko lilivyokuwa, kwa sababu umelikinga na joto la chumba, kwa hiyo mvuke unageuka matone hapo hapo. Wakati huo huo maji ya udongoni yanapenya zege kuja ndani, na nailoni uliyofunika kwa mbele inayazuia yasikauke kuelekea chumbani. Faibaglasi inalowa na kulala, ubao wa chini wa fremu unaanza kuoza, na karatasi ya nyuma ya jipsamu inakuwa chakula cha kuvu. Rangi ya kuzuia maji haitakuokoa. Inapunguza mvuke unaopita kwenye zege, lakini maji yenye shinikizo kutoka nje huisukuma ikabanduka.

Kwa hiyo fuata utaratibu mwingine: maji ya nje kwanza, kisha matundu ya hewa, na kihami joto mwishoni, tena cha aina isiyopitisha hewa na kilichogandishwa kwenye zege lenyewe.

Unyevu wako una vyanzo viwili

Barua yako inaonyesha dalili za vyote viwili. Unga mweupe ni chumvi. Maji yakipita ndani ya zege huiyeyusha, na yakikauka usoni mwa ukuta huiacha hapo. Huo ni ushahidi kwamba maji yanatoka udongoni. Jasho la msimu wa joto ni jambo jingine: hewa yenye mvuke inagusa ukuta wa baridi na kutonesha maji, kama inavyotokea kwenye bilauri ya maji baridi.

Kuthibitisha ni rahisi. Kata vipande vya nailoni uliyonunua, sentimita 50 kwa 50, kisha uvibandike kwa utepe kingo zote nne: kimoja ukutani karibu na sakafu, kimoja ukutani juu zaidi, na kimoja sakafuni. Viache siku mbili. Matone yakiwa chini ya nailoni, maji yanatoka kwenye zege. Yakiwa juu ya nailoni, yanatoka kwenye hewa ya chumba. Fanya jaribio hilo msimu wa joto na ulirudie baada ya mvua, maana majibu hubadilika.

Madirisha, ndiyo, yanaongeza tatizo. Hewa ya nje yenye nyuzijoto 28 na unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande ikipoa hadi nyuzijoto 22. Ukuta uliozungukwa na udongo unaweza kuwa na nyuzijoto 17 tu. Kila unapofungua dirisha siku kama hiyo unaingiza maji ndani ya chumba. Msimu wa joto yafunge, uyafungue siku za baridi na kavu.

Nje ya nyumba

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linakusanya lita 2,000. Bomba la gata likizimwaga mguuni mwa ukuta, hakuna rangi wala saruji itakayozizuia zisitafute njia ya kuingia. Kabla ya kununua chochote, nenda nje mvua ikinyesha utazame bomba la gata lililo karibu na ile kona yenye maji. Huenda gata limeziba na linafurika, au bomba limekatika, au linamwaga hapo hapo. Safisha gata, kisha refusha bomba limwage angalau mita 2 kutoka ukutani, mahali ambapo ardhi inateremka kwenda mbali.

Halafu pima mteremko. Ardhi inayozunguka nyumba ishuke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Funga kamba ukutani, ivute mita 3, iweke sawa kwa pima maji, kisha pima umbali kutoka kwenye kamba hadi chini. Nyumba nyingi zina tatizo hapa kwa sababu udongo uliorudishwa baada ya kujenga msingi huendelea kushuka kwa miaka, na mwishowe ardhi inaelekea ukutani. Jazia udongo wa mfinyanzi na uushindilie. Mchanga na kokoto zitapitisha maji yote. Hakikisha udongo unabaki angalau sentimita 15 chini ya sehemu yoyote ya mbao. Kama kuna bustani ya maua inayomwagiliwa kando ya ukuta, ihamishe.

Ufa mwembamba wa wima kwa kawaida unatokana na zege kusinyaa lilipokuwa linakauka, na si hatari kwa jengo. Kama unavuja, dawa bora ni kuujaza poliyurethani kwa sindano za shinikizo. Poliyurethani hufura ikikutana na maji na kujaza ufa kuanzia ndani hadi nje. Ukitumia saruji ya kuziba maji, chonga ufa kina cha sentimita 2, uufanye mpana zaidi kwa ndani kuliko usoni ili saruji isichomoke, na uchanganye kiasi cha kujaa kiganja tu kwa wakati mmoja. Inaganda kwa dakika chache, na anayechanganya ndoo nzima huishia kuitupa. Ufa wa mlalo, au ukuta uliobinuka kwa ndani, ni habari tofauti kabisa: hapo ni mhandisi kwanza, na usiufunike kwa chochote kabla hajauona.

Ukimaliza kazi za nje na bado maji yakapanda kutoka kwenye kiungo cha ukuta na sakafu, basi kuna shinikizo la maji chini ya nyumba. Hapo unahitaji mfereji wa mabomba yenye matundu kuzunguka sakafu kwa ndani, unaopeleka maji kwenye shimo lenye pampu. Shimo liwe na mfuniko usiopitisha hewa, na pampu iwe na betri ya akiba, kwa sababu umeme hukatika mara nyingi wakati wa dhoruba ile ile inayoleta maji.

Kisha subiri. Acha kuta zikiwa wazi msimu mzima wa mvua kabla ya kubandika kitu. Najua si jibu unalolipenda, na watoto wanasubiri meza yao, lakini ukuta ulio wazi ndio pekee utakaokuonyesha kama kazi ya nje imefaulu.

Kazi ya kufanya sasa: ukingo wa boriti

Kuna sehemu moja isiyohitaji kusubiri, nayo ndiyo inayokupa nafuu kubwa kwa gharama ndogo. Ni pale juu ya ukuta wa zege, palipolazwa ubao ambao boriti zinaukalia, pamoja na ubao wa pembeni unaofunga ncha zake. Kati ya zege na ubao huo hakuna kilichonyooka. Upepo wako unapita hapo.

Hewa ya joto ndani ya nyumba hupanda na kutoka kupitia matundu ya juu: mlango wa dari, pembeni mwa mabomba, kwenye taa zilizozamishwa darini. Kila hewa inayotoka juu huvuta nyingine kuingia chini, na huku chini ndipo penye nyufa. Kwa hiyo ukiziba chini tu na kuacha dari wazi, mvuto unabaki na utatafuta ufa mwingine. Ziba ncha zote mbili.

Kutafuta matundu, chagua siku ya baridi yenye upepo, washa feni za kutolea hewa za jikoni na bafuni ili nyumba ivute hewa, kisha pitisha kijiti cha udi kinachofuka polepole kando ya ubao, madirisha, na kila waya au bomba linalopenya ukuta. Boila iwe imezimwa wakati huo. Moshi ukiyumba, weka alama kwa chaki.

Kabla ya kufunika mbao zozote, zipime kwa kipima unyevu cha mbao. Zikizidi asilimia 20, tafuta maji yanapotoka na uziache zikauke. Zikiwa kavu, ziba kwanza mstari ulio kati ya zege na ubao kwa silikoni, au kwa povu la kopo pale nafasi inapozidi milimita 5. Kisha kata mabamba ya povu gumu, polistireni yenye unene wa sentimita 5, vipande vya kutosha nafasi zilizo kati ya boriti. Kila kipande kiwe pungufu kwa sentimita 1 kwa urefu na kwa upana, ili kibaki na uwazi wa milimita 5 kila upande. Wengi hukata vipande vinavyobana kabisa wakidhani ndivyo vinavyofaa, kisha ncha ya kopo inakosa pa kuingia na hewa inaendelea kupita. Sukuma kipande hadi kiguse ubao wa nyuma, halafu jaza povu la kopo kingo zote nne.

Kwa vipimo vyako, kama boriti ziko kila sentimita 40 na zinavuka upana wa mita 6, utakuwa na nafasi 20 kwa kila upande mrefu, jumla 40, pamoja na mita 12 za kingo fupi ambako boriti inakwenda sambamba na ukuta. Mabamba matatu ya mita 1.2 kwa 2.4 yatatosha, pamoja na makopo manne au matano ya povu ya mililita 750. Vaa glavu na miwani. Povu hilo likishika ngozi linatoka kwa taabu.

Karibu na bomba la moshi la boila usitumie povu kabisa. Uwazi wa hapo unafungwa kwa bati na gundi ya kuzuia moto, kwa umbali aliouweka mtengenezaji. Nyumba ambazo ncha za boriti zimechomekwa ndani ya ukuta wa mawe au tofali nazo zisifunikwe ovyo, kwa sababu ncha hizo hukaushwa na joto la chumba, na zikipoa huoza.

Kuta

Nieleze kwanza kwa nini povu na si faibaglasi. Tuchukue chumba chenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 60, na nje kuna nyuzijoto 0. Uso wa ndani wa ukuta wako wa zege, ile sehemu iliyo juu ya ardhi, utakuwa na nyuzijoto 11 hivi. Hewa hiyo huanza kutoa umande kwenye nyuzijoto 12, kwa hiyo ukuta unalowa. Ukibandika sentimita 5 za polistireni ngumu, uso unaougusa unapanda hadi zaidi ya nyuzijoto 18, na joto linalopotea kupitia sehemu hiyo linabaki takriban moja ya sita ya lilivyokuwa. Zege la nyuma yake litaendelea kuwa baridi, lakini hewa ya chumba haifiki tena kuligusa. Kutofika huko ndicho tunacholipia, na ndiyo maana kila kiungo lazima kizibwe.

Polistireni ngumu iliyokandamizwa, ile ya rangi yenye uso laini, hainyonyi maji na inavumilia kugusana na zege lenye unyevu. Ile nyeupe ya punje punje inafaa pia ukiongeza unene kufikia sentimita 6, nayo inaruhusu mvuke kidogo kupita, jambo jema kwa ukuta unaohitaji kukauka. Poliisosianureti, aina nyingine ya povu gumu, yenye karatasi ya alumini ina kinga kubwa kwa unene mdogo, lakini ikisimama kwenye sakafu yenye unyevu hunyonya maji. Mimi singeiweka hapo.

Mzunguko wa chumba ni mita 28, na kwa kimo cha mita 2.2 unapata mita za mraba 62 hivi. Bamba moja ni mita za mraba 2.88, kwa hiyo mabamba 22 yanatosha kwa hesabu. Nunua 24 kwa sababu ya vipande vinavyopotea.

Sugua chumvi kwa brashi ngumu, kukiwa kukavu, bila kumwaga maji, na kwangua rangi inayobanduka. Tumia gundi iliyoandikwa kuwa inafaa kwa povu. Yenye vimumunyisho vikali itakula polistireni mbele ya macho yako. Usiweke gundi kwa madoa. Ipake mstari usiokatika kuzunguka kingo za bamba, na mistari miwili mitatu katikati, ili hewa ikipenya mahali pamoja isizunguke nyuma ya ukuta mzima. Ongeza skrubu za zege zenye vichwa vipana vya plastiki, tano kwa kila bamba. Acha uwazi wa sentimita 1 chini na juu, ujaze povu la kopo, na ufunike viungo vyote kwa utepe wa ujenzi. Bamba la ukutani liungane na vipande vya kwenye boriti bila nafasi hata moja. Mahali penye mchwa ni bora kuacha mstari wa zege ulio wazi, sentimita 8 hivi juu ya ukuta, maana mchwa hupanda kwa siri nyuma ya povu na hutawaona mpaka wamefika kwenye boriti.

Baada ya hapo simamisha fremu, na nyaya za umeme zipite ndani yake. Ubao wa chini uwe uliotiwa dawa, na chini yake utandaze ukanda wa povu laini ili mbao zisiguse zege. Nailoni usiweke kabisa. Jipsamu iwe ya milimita 12.5, iinuliwe sentimita 1.5 kutoka sakafuni, na uwazi ufichwe na ubao wa pembeni. Usiruke hatua ya jipsamu hata kama unaona povu linapendeza: polistireni ikishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, na kanuni nyingi za ujenzi zinakataza kuiacha wazi ndani ya chumba cha kukaa. Paka rangi ya maji. Rangi ya mafuta na karatasi za plastiki za ukutani zinafunga unyevu ndani.

Faibaglasi uliyonunua haijapotea. Ipeleke darini, chini ya paa, ambako ni kukavu, lakini uitandaze baada ya kuziba yale matundu niliyoyataja.

Wasomaji wenye misingi ya mawe au tofali za zamani wasifuate maelezo haya neno kwa neno. Ukuta usionyooka haushiki mabamba, na mahali penye barafu kali tofali lililojaa maji likikingwa kwa ndani hupoa zaidi, maji yake yanaganda, na uso wake unapasuka vipande. Hapo inabidi mtaalamu aangalie ukuta kwanza.

Sakafu

Zulia juu ya zege tupu usilifikirie. Upande wake wa chini utakuwa na kuvu kabla ya mwaka kuisha. Tandaza plastiki ngumu yenye vinundu, ya milimita 8, vinundu vikitazama chini ili unyevu upate nafasi bila kugusa mbao. Juu yake weka povu gumu la sentimita 2.5 lenye uwezo wa kubeba kilopaskali 100 au zaidi, kisha tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 12, viungo vya tabaka la juu visikutane na vya chini, na uziunge zenyewe kwa zenyewe kwa skrubu fupi zisizofika kwenye plastiki. Acha sentimita 1 kandokando kwa ajili ya mbao kutanuka. Fanya kazi hii kabla ya jipsamu.

Jumla ni sentimita 5.7, kwa hiyo utabaki na kimo cha mita 2.14 kabla ya dari. Angalia mlango na hasa ngazi: kipandio cha mwisho kitakuwa kifupi kuliko vingine kwa karibu sentimita 6, na watu hujikwaa kwenye tofauti kama hiyo. Kama kimo hakiruhusu, au kama kona ile bado inatoa maji japo mara moja moja, weka vigae juu ya zege na uridhike na sakafu ya baridi.

Boila, gesi na hewa ya kupumua

Hapa sitaki ubahatishe. Kama boila yako inavuta hewa ya kuchomea kutoka chumbani, kuziba matundu kunaweza kufanya moshi urudi ndani badala ya kupanda bombani, pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Fundi wa gesi aliyesajiliwa apime mvuto wa bomba kabla ya kazi na baada yake, na ahakikishe boila ina njia yake ya hewa. Kengele ya kaboni monoksaidi ifungwe leo, hata kabla ya kuziba chochote.

Pia pima radoni, gesi ya mionzi inayotoka udongoni na kukusanyika katika vyumba vya chini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, na pale hilo lisipowezekana, kisivuke 300. Kipimo cha miezi mitatu kinaaminika kuliko cha siku chache. Kifanye kabla ya kuweka sakafu, kwa sababu dawa ya radoni ni bomba linalopenyezwa chini ya zege na kuivuta gesi hiyo kwa feni, na ni rahisi zaidi kulifunga wakati zege liko wazi. Na kama mgeni atalala humo, lazima pawe na dirisha analoweza kutokea moto ukizuka, na kengele ya moshi.

Mashine ya kukausha hewa

Hata kazi ikifanywa vizuri, msimu wa joto utaihitaji. Kwa chumba cha mita za mraba 48 chukua yenye uwezo wa lita 20 kwa siku, uitegeshe kwenye asilimia 50, na mpira wake umwage moja kwa moja kwenye mfereji wa sakafu. Ndoo hujaa, mashine hujizima, na hakuna anayekumbuka kuimwaga. Chumba kikishuka chini ya nyuzijoto 15 mashine ya kawaida huganda barafu kwenye mabomba yake. Chagua inayojiyeyusha yenyewe. Mabomba ya maji baridi yavishe mirija ya povu ya milimita 13 na ufunge viungo kwa utepe, vinginevyo yatadondosha maji juu ya sakafu mpya.

Nunua vipima unyevu viwili vya bei nafuu. Kimoja kiweke katikati ya chumba, kingine kwenye ile kona, karibu na sakafu. Vyote vikikaa kati ya asilimia 40 na 55, hali ni nzuri. Vyote vikipanda pamoja juu ya 60 siku za joto, hewa ya nje inaingia: kagua madirisha na kingo za boriti. Cha kona kikipanda peke yake siku moja au mbili baada ya mvua, toka nje uangalie gata na mteremko kabla hujagusa ukuta.